Kadi ya Ami na Jina la Roberto

Marehemu ami yangu alikuwa baharia, na safari moja alirudi Mombasa na kikadi cha picha alichopewa na Mmarekani melini. Pichani alikuwamo mtu mweusi mwenye kofia, na jina lake limepigwa chapa: Bob Clemente. Mimi, mtoto wa chuoni, nikakificha ndani ya juzuu yangu. Mwalimu alipokiona, fimbo niliipata, lakini kabla ya fimbo aliuliza, "Huyu ni mwana wa nani?" Sikuwa na jawabu.

Jawabu nimelipata ukubwani. Ni mwana wa Melchor Clemente na Luisa Walker, aliyezaliwa tarehe 18 Agosti 1934 huko Carolina, kisiwani Puerto Rico, ambako babake alikuwa msimamizi katika mashamba ya miwa. Wazee walimwita Roberto. Hiyo "Bob" ilikuwa ya Wamarekani, walioliona jina lake zito ulimini. Yeye aliwaambia mara kwa mara kuwa ni Roberto, na wao wakaendelea na lao. Kiingereza chake cha kigugumizi magazeti yaliyaandika matamshi yake yalivyo, ili watu wacheke. Mimi mwenyewe mtu wa magazeti, na habari hiyo hunitia haya.

Mchezo wake ni besiboli. Aliyewahi kutazama kriketi hatapotea: mmoja hutupa mpira, mwingine huupiga kwa gongo na kukimbia. Roberto alilinda nyuma kabisa, upande wa kulia, pale mpira unapoangukia kutoka mbinguni. Mkono wake ndio uliotisha. Mkimbiaji aliyedhani yu salama aliukuta mpira umetangulia kumngoja.

Timu yake ya ligi kuu ilikuwa moja tu, Pittsburgh Pirates, tangu 1955 hadi 1972, misimu 18. Mara nne alikuwa mpigaji bora wa ligi yake, na miaka 12 mfululizo alipewa glavu ya dhahabu kwa ulinzi. Haya aliyapata huku katika miaka ya mwanzo, timu ilipokwenda Florida kwa mazoezi, wachezaji weusi wakibaki ndani ya basi, wenzao weupe wakishuka kula hotelini. Tafakari hilo, msomaji: jezi moja, jasho moja, sahani mbali.

Ubingwa aliupata mara mbili, 1960 na 1971. Huo wa pili ndio nipendao kuusimulia. Alikuwa ametajwa mchezaji bora wa fainali, kamera zikimwelekea, Marekani nzima ikisikiliza. Kabla ya Kiingereza aliomba ruhusa, akawasemesha wazee wake kwa Kihispania, akaomba radhi yao. Kwetu sisi tuliofunzwa kubusu mkono wa mzazi kabla ya safari, jambo hilo halihitaji mkalimani.

Tarehe 30 Septemba 1972 alipiga pigo lake la 3,000 katika msimu wa kawaida. Kabla yake waliofika hapo walikuwa kumi tu. Halikuongezeka jingine.

Desemba 23 mwaka huo zilzala iliubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Roberto alikusanya chakula na dawa, akapeleka. Zikaja habari kwamba misaada inaishia mikononi mwa wakubwa wa serikali. Akaamua kwenda mwenyewe, kwani aliamini mbele ya macho yake hawatathubutu kuiba. Usiku wa Desemba 31 alipanda ndege kuukuu iliyosheheni kupita kiasi, pamoja na wenzake wanne. Haikufika mbali, ilianguka baharini karibu na pwani ya San Juan. Alikuwa na miaka 38, mke, na wana watatu wadogo.

Rafiki yake Manny Sanguillén, mdakaji wa timu, hakwenda kwenye ibada ya kumbukumbu. Alikuwa majini akizamia kumtafuta. Watu wa mwambao wanaelewa: msiba usio na kaburi hauna pa kuketi. Roberto hakuonekana hata leo.

Mwaka 1973 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli, akisamehewa kungoja miaka mitano kama ilivyo kanuni. Wakachonga kibao: Roberto Walker Clemente. Wakakosea tena! Kwa desturi ya kwao jina la baba hutangulia, la mama hufuata. Kibao hicho kilikaa hivyo hadi 2000, kikachongwa upya: Roberto Clemente Walker.