Mega mpya yaja Pokémon GO: Wa Tabora jipange hivi

Karne ya 19, misafara ya kwenda Ujiji ilituama Tabora kwanza kutafuta wapagazi na chakula. Anayesubiri umbo jipya la Mega kwenye Pokémon GO naye ajipange mapema.

Ili Pokémon wako abadilike unahitaji nishati ya Mega, inayopatikana zaidi kwa kushinda mapambano ya kundi. Peke yako ni ngumu.

Mtaani wachezaji ni wachache? Marafiki wa Dar au Kigoma wakualike, uingie kwa pasi ya mbali.

Jua udhaifu wa mpinzani: Garchomp, kwa mfano, hoi kwa barafu.

Chaji simu, weka bando.

Kubadilisha mara ya kwanza ndiko ghali zaidi, na umbo hudumu saa 8 tu. Chagua mmoja mwenye nguvu.