Sigara Baada ya Methadoni

Katika hospitali ya Bombo, mjini Tanga, waraibu wa heroini hufika kunywa methadoni, dawa ya maji izuiayo arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ambayo Tanzania iliianza Muhimbili mnamo Februari 2011. Nao si haba ambao, wakisha kuimeza mbele ya muuguzi, hutoka nje wakawasha sigara. Wala si ajabu, kwani wengi katika pwani yetu waliuanza unga kwa kokteli, heroini iliyosokotwa pamoja na bangi au tumbaku, hata mkono na kinywa vikazoea. Hudhani moshi unawatuliza roho, kumbe nikotini ikipungua mwilini huleta wahaka, hasira na kukosa usingizi, na sigara ifuatayo huondoa dhiki ile ile iliyoletwa na iliyotangulia. Zaidi ya hayo, moshi wa tumbaku hulihimiza ini kuzivunja upesi baadhi ya dawa za maradhi ya akili, kama olanzapini, zikapungua nguvu. Tafiti zimebainisha kwamba aachaye sigara, baada ya majuma ya taabu, aghalabu hupungukiwa na huzuni na wasiwasi. Basi, ewe mwenye ndugu katika tiba hii, usimwachie sigara kama kitulizo chake cha mwisho. Mhimize amweleze daktari kwamba anavuta, na akiazimia kuacha amwarifu mapema, ili kipimo cha dawa zake, hasa hizo za akili kama anazitumia, kiangaliwe upya.