Tuisikilize nafsi kabla ya kuikaripia

Mlevi huapa asubuhi kwamba hatatia tena pombe kinywani, na jioni akaonekana kilabuni. Jamaa zake humwita mwongo. Lakini je, alipoapa alikuwa akidanganya? Aghalabu hakuwa. Kila siku twasikia watu wakisema kwamba moyo unataka ilhali nafsi inakataa, wala hatuwadhanii kuwa wendawazimu.

Katika miaka ya 1980, Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia nchini Marekani, aliwashughulikia vijana mjini Chicago waliokuwa na maradhi ya kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Walimweleza kwamba ndani yao mlikuwa na sehemu zilizobishana: moja ikiwashutumu, nyingine ikihuzunika, nyingine ikiwasukuma kula. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipojaribu kuzishurutisha zikome, zilizidi ukali. Alipoziuliza zaogopa nini, zilitulia.

Tiba aliyoibuni aliieleza kitabuni mwaka 1995. Anazigawa sehemu hizo katika makundi matatu. Wapo waliotengwa, waliobeba uchungu wa zamani. Wapo wasimamizi, wanaojitahidi uchungu huo usizuke. Tena wapo wazima-moto, ambao uzukapo hukimbilia chupa, chakula au ghadhabu ili kuuzima. Juu ya wote ipo nafsi yenyewe, tulivu na yenye huruma, ipasayo kuwa mzee wa baraza.

Huenda msomaji akadai kwamba hii ni hila ya kukwepa lawama. La hasha! Kuuliza sababu si kutoa ruhusa. Mlevi angali anadaiwa karo na chakula cha wanawe. Hata hivyo, matusi humwongezea aibu, na aibu ndiyo moto uleule anaotaka kuuzima kwa pombe.

Wala tusiipokee tiba hii kwa pupa. Utafiti kuihusu ungali haba ukilinganishwa na wa tiba zilizozoeleka, na wapo wataalamu wanaohofia kwamba yaweza kumchanganya zaidi mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo. Si kazi ya asiyefunzwa.

Lakini kuuliza kwa upole hakuhitaji shahada. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Basi kesho asubuhi, mlevi wetu aamkapo akiwa na akili timamu, asitukanwe. Na aulizwe: jana ulikuwa ukikimbia nini?