Cheti au digrii ya rasilimali watu? Mtazame kwanza atakayekuajiri

Matokeo ya S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yanapotoka, familia nyingi za Arua na Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, huanza kupiga hesabu. Kijana anataka kazi ya rasilimali watu: asome cheti cha muda mfupi, au aende digrii ya miaka mitatu? Jibu haliko chuoni. Liko kwa mwajiri. Mjue kwanza atakayekulipa mshahara, ndipo ujaze fomu ya kujiunga na masomo.

Tuanze na serikali. Ofisa rasilimali watu wa wilaya huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, na huanzia ngazi ya mshahara ya U4. Sharti la ngazi hiyo ni digrii. Mwenye cheti hafiki kwenye usaili hata awe ameshughulikia mishahara ya watu miaka kumi, kwa sababu maombi huchujwa kwa karatasi kabla ya mtu kuonekana uso. Vyeo vya juu zaidi hudai diploma ya uzamili au digrii ya pili. Mwenye diploma ya utunzaji kumbukumbu ana njia moja ya pembeni, nayo ni masjala, mahali yanapotunzwa majalada ya watumishi. Akiwa hapo anaweza kujiendeleza. Basi, anayeota ofisi ya wilaya Koboko au ya Jiji la Arua asijidanganye: digrii haikwepeki.

Mwajiri wa pili ni mashirika ya misaada. Mengi yana ofisi Arua na huhudumia wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, kambi iliyofunguliwa Yumbe Agosti 2016. Koboko nayo ina Lobule, wanakoishi wakimbizi kutoka Kongo. Matangazo ya mashirika haya kwa kawaida hutaka digrii pamoja na miaka ya uzoefu. Tangu Marekani ilipositisha misaada yake mapema mwaka 2025, wengi wenye vyote viwili wamerudi kutafuta kazi. Mhitimu mpya anayebeba digrii tupu anapanga foleni nyuma yao.

Mwajiri wa tatu husahauliwa, ingawa ndiye aliye karibu zaidi: shule binafsi, zahanati, hoteli, vituo vya mafuta, SACCO na maduka makubwa yaliyo kando ya barabara ya kutoka Arua kupitia Koboko hadi mpakani Oraba. Wengi wao hawana ofisa rasilimali watu. Mwenye mali huajiri na kufukuza mwenyewe, na mhasibu hulipa. Lakini sheria haiwaachi. Mabadiliko ya mwaka 2022 ya sheria ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, yanamtaka kila mwajiri achangie, hata kama ana mfanyakazi mmoja tu.

Chukua mwalimu wa shule binafsi anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya kodi ya mshahara, PAYE, vilivyotumika tangu 2012, atakatwa kodi ya 82,000. NSSF itamkata asilimia 5, yaani 30,000, na shule itaongeza asilimia 10 kutoka mfuko wake, yaani 60,000. Mwalimu anabaki na 488,000 kabla ya ushuru wa huduma za mtaa, na makato yote hupaswa kufika serikalini na NSSF ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ongeza masharti ya Sheria ya Ajira ya 2006: likizo ya siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, siku 60 za kazi kwa mama aliyejifungua, 4 kwa baba, na haki ya mfanyakazi kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Kozi nzuri ya cheti inaweza kukufundisha haya yote, na mwenye shule atakulipa kwa sababu unamwepusha na faini na kesi.

Ila cheti kina kikomo. Shirika likitaka kupunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu, sheria inalitaka limjulishe kamishna wa kazi na wawakilishi wa wafanyakazi, likieleza sababu. Kupanga zoezi kama hilo, kutunga sera, au kukadiria mahitaji ya watumishi kwa miaka mitano kunahitaji nadharia, takwimu na sheria kwa kina. Hapo ndipo digrii inapolipa gharama yake.

Pia vyeti si vya aina moja. Kipo cha mafunzo ya siku chache, ambacho ni ushahidi wa kuhudhuria tu. Kipo cha mtaala uliosajiliwa na kutahiniwa, kinachokupandisha hadi diploma. Halafu kipo cha kitaaluma, kama kile cha vyama vya wanataaluma wa rasilimali watu, CIPD cha Uingereza au SHRM cha Marekani. Hiki huongeza thamani kwa mtu ambaye tayari yuko kazini, na si mbadala wa digrii mbele ya Tume. Kenya imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2012 inamtaka mtaalamu wa fani hii asajiliwe. Anayefikiria kufanya kazi Nairobi alijue hilo mapema.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kozi yenyewe, si chuo tu, ina idhini hai ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Mwaka 2023 Uganda nzima ilizungumzia kozi ambazo muda wa idhini yake ulikuwa umepita, hata za vyuo vikuu vyenye jina.

Ushauri wangu ni huu. Aliyepata alama kuu mbili (principal pass) za S6 na ana wa kumlipia ada aende digrii moja kwa moja, na kila likizo ajitolee kwenye ofisi inayolipa mishahara. Asiye na alama hizo au ada aanze na diploma, katika chuo kama Uganda College of Commerce Pakwach au tawi la Arua la chuo cha biashara cha MUBS, ikiwa kozi inafundishwa, afanye kazi, kisha aombe digrii kwa nafasi za wenye diploma. Aliye na digrii ya fani nyingine asirudie miaka mitatu. Diploma ya uzamili ya rasilimali watu, kama ile ya Uganda Management Institute (UMI), inamtosha. Cheti kiwe cha yule aliye tayari kazini, au anayetaka kuanza mwezi ujao katika shule au hoteli ya hapa hapa. Na akianza, afungue akiba ya ada kwa mshahara wa kwanza, maana ofisi ya wilaya itamwomba digrii siku atakapoitaka.