Karatasi za Kumfuata Askari Ng'ambo

Leo tutasoma habari za karatasi ambazo mke wa askari huhitaji ili amfuate mumewe katika kambi ya ng'ambo. Tafadhali wekeni tayari kalamu na daftari.

Huenda mmoja wenu akauliza: mambo ya jeshi la Marekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Wako watu wa Afrika Mashariki wanaokaa Marekani, na sheria ya huko humruhusu mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kuandikwa askari hata kama bado si raia. Askari huyo aweza kuhamishwa Ujerumani, ambako Wamarekani wana kambi kubwa, kama zile za Grafenwöhr na Ramstein. Mkewe amebaki na watoto. Je, atamfuataje? Atamfuata kwa karatasi. Zikiwa sawa, jamaa watakaa pamoja. Zikiwa na kasoro, mume atatangulia peke yake, na mke atabaki akingoja majibu.

Sasa tuzitazame karatasi hizo moja moja.

Kwanza ni kuandikwa katika daftari la jeshi. Daftari hilo huitwa DEERS. Jeshi halimtambui mke kwa kuambiwa tu kwamba ameolewa. Lataka kuona cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, kadi ya namba ya Social Security, na kitambulisho chenye picha. Fomu ya kuandikishia ni DD 1172-2, na anayetia sahihi ni askari mwenyewe. Kama askari yuko mbali, mke atahitaji fomu iliyokwisha tiwa sahihi na kuthibitishwa, au hati ya uwakili. Mke akiisha kuandikwa, hupewa kitambulisho cha jamaa ya askari.

Pili ni kibali cha kamanda. Hii ndiyo karatasi kubwa kupita zote. Kwa kibali hiki jeshi hukubali kwamba mke na watoto watakwenda kwa gharama ya serikali: nauli, kusafirisha vyombo vya nyumbani, na makao ya jamaa. Askari ndiye anayekiomba, si mke. Kibali kina sharti lake. Askari anayekwenda Ujerumani peke yake, kwa kawaida hutumikia miezi 24. Anayekwenda na jamaa yake hutumikia miezi 36. Basi mume na mke washauriane kwanza kabla ya kuomba. Mke akienda bila kibali, ajue kwamba nauli itatoka mfukoni mwake.

Tatu ni uchunguzi wa afya. Mke na kila mtoto huchunguzwa kabla ya kibali kutolewa. Wengine huogopa na kuficha ugonjwa. Msifanye hivyo. Jeshi lataka kujua kama kambini kuna daktari na dawa za kumtosha mgonjwa. Mtoto mwenye ugonjwa uliofichwa aweza kufika mahali asipopata matibabu yake.

Nne ni pasi ya safari. Askari aweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho chake na amri ya safari, lakini mke hawezi. Mkataba wa majeshi ya nchi za NATO, uliotiwa sahihi London tarehe 19 Juni 1951, wasema kwamba jamaa ya askari awe na pasi, na pasi hiyo ionyeshe kwamba yeye ni jamaa ya askari. Mke aliye raia wa Marekani hupewa pasi maalum isiyotozwa ada. Pasi hiyo ni ya safari ya kikazi tu. Akitaka kutembea nchi nyingine wakati wa likizo, afadhali awe na pasi ya kawaida pia.

Je, mke ambaye bado ni raia wa Kenya au Tanzania? Yeye hatapewa pasi ya Marekani. Atatumia pasi ya nchi yake, na yampasa aulize mapema ubalozi wa Ujerumani habari za viza. Kadi ya ukaazi wa Marekani haimfungulii mlango wa Ujerumani.

Tena aitunze sana kadi hiyo. Kwa kawaida mtu akikaa nje ya Marekani mwaka mmoja au zaidi, kadi peke yake haimtoshi kurudia. Mke wa askari aliyetumwa ng'ambo amewekewa nafasi yake katika sheria, lakini lazima aweze kuonyesha amri ya jeshi. Na tangu mwaka 2008 sheria imemruhusu mke wa askari aliye raia kuomba uraia na kuapishwa huko huko ng'ambo, akitimiza masharti. Kwa hiyo ahakikishe kwamba jina lake limeandikwa katika amri ya safari. Amri iliyo na jina la mume tu haimsaidii.

Sasa tufikie jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa kusoma na kuandika: majina na tarehe. Cheti cha kuzaliwa chasema "Mwanaisha Juma Ali". Cheti cha ndoa chasema "Mwanaisha Juma". Pasi yasema "Aisha Ali". Wewe wajua ni mtu mmoja, lakini karani ataona watu watatu. Kabla ya kupeleka fomu yo yote, panga karatasi zako mezani, usome jina herufi kwa herufi. Likihitilafiana, lirekebishe kwanza.

Tarehe nazo zina mtego. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Raia wa Marekani huandika mwezi kwanza. Ukiandika 3/8, sisi tutasoma tarehe 3 Agosti, wao watasoma tarehe 8 Machi. Soma maelezo ya fomu, na pakiwa na nafasi andika mwezi kwa jina lake. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kifasiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri atie sahihi kuthibitisha kazi yake.

Mwisho, usitoe karatasi ya asili bila kubaki na nakala. Weka zote katika bahasha moja, uichukue mkononi safarini. Usiitie katika mizigo inayokwenda kwa meli. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Haya, andikeni majibu ya maswali haya:

1. Ni nani anayeomba kibali cha kamanda?
2. Kwa nini watoto huchunguzwa afya kabla ya safari?
3. Andika tarehe yako ya kuzaliwa kwa namna yetu, kisha kwa namna ya Kimarekani.
4. Toa vyeti vyako viwili. Je, jina lako ni moja katika vyote viwili?

Swali la nne lifanyeni leo hii, hata kama hamna safari. Kwaherini, mpaka somo lijalo.