Babu Alikuwa Keya



Leo nina barua mkononi. Kijana mmoja wa teritware ya Aru ametuandikia. Anasema babu yake mzaa baba alikuwa askari wa Waingereza, katika ile rejimenti ya King's African Rifles ambayo wazee waliiita Keya, kwa kutamka herufi zake tatu, K.A.R. Nyumbani kuna medali mbili na picha moja iliyoliwa na mende. Sasa kuna ugomvi wa shamba na jirani, na jirani amesema mbele ya watu: "Babu yako alikula mshahara wa Uganda, nenda ukalime Uganda." Jirani huyo anajivunia babu yake mwenyewe, aliyekuwa soda wa Bula Matari na kupigana Saio. Kijana anauliza: nitapata wapi karatasi ya kuonyesha babu yangu alikuwa nani?

Ni swali zuri, na si la mtu mmoja. Kule Aru na Mahagi, nyumba nyingi zina mzee wa namna hiyo. Tuanze na sababu yake.

Wewe unayeishi karibu na mpaka unajua kwamba Walugbara, Waaluri na Wakakwa wako pande zote mbili. Lakini je, unajua kwamba ng'ambo ile ya Arua ilikuwa zamani mikononi mwa Mfalme Leopold? Iliitwa Lado. Leopold alipokufa mwaka 1909, makubaliano yalitaka eneo lile lirudi kwa Waingereza, na mwaka 1910 likawekwa chini ya Sudani. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, ikawa West Nile. Hakuna mzee aliyeulizwa. Watu wa ukoo mmoja waliamka asubuhi, wengine wakiwa wa Wabelgiji, wengine wa Waingereza, na mbuzi wao walikuwa wakilisha palepale.

Basi Waingereza walipotafuta askari, West Nile ikawa mahali pao pa kuandikisha watu kwa batalioni ya Nne ya Keya, ile ya Uganda. Kijana wa upande wetu akiwa kwa mjomba wake ng'ambo, au amekimbia kodi, au anatafuta mahari, aliweza kujikuta kwenye mstari pamoja na binamu zake. Na ndugu yake aliyebaki nyumbani alichukuliwa na Force Publique. Nyumba moja, majeshi mawili. Usishangae.

Sasa namna ya kutafuta.

Usianze na Ulaya. Anza na kile kilicho nyumbani. Kwanza, namba ya jeshi. Wazee wengi walisahau tarehe ya kuzaliwa lakini namba yao hawakuisahau, na mara nyingine wake zao waliisikia mara nyingi hata wakaishika kichwani. Uliza kama kuna kitabu kidogo cha kuachishwa jeshi au barua yoyote yenye muhuri. Namba yaweza kuwa na herufi mbele. Iandike pamoja na herufi zake, kwa sababu bila herufi haina faida kubwa.

Pili, medali. Hapa wengi wanakata tamaa bure. Wanaigeuza medali, hawaoni jina, wanasema ni ya kuokota. Medali ambazo Waingereza waliwapa askari hawa kwa vita vya 1939 mpaka 1945 hazikuchongwa jina. Hata Mwingereza mwenyewe alipewa hivyo hivyo. Ni zile za vita vya kwanza, vya 1914 mpaka 1918, ndizo zilizochongwa ukingoni, namba na jina. Kwa hiyo medali isiyo na jina haimwiti babu yako mwongo. Isome kwa namna nyingine: nyota yenye maandishi ya Burma inasema alifika Burma. Nyota yenye maandishi ya Africa yaweza kutolewa kwa vita vya Abisinia na Somalia dhidi ya Waitaliani, si vya jangwa la Libya peke yake.

Tatu, picha. Usiifute kwa kitambaa chenye maji, tafadhali. Peleka kivulini, tazama kofia na bega. Alama ya Keya ni baragumu, na mara nyingi kuna namba katikati yake. Ukiona begani kichwa cha kifaru, hiyo ni divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 na kupelekwa Ceylon, kisha Burma.

Namba ya batalioni nayo inasema kitu. Katika vita vya pili batalioni ziliongezwa, na tarakimu ya mwisho mara nyingi ilifuata nchi. Nne, 34 na 44 zilikuwa za Uganda. Sita, 26 na 36 za Tanganyika. Mbili na 22 za Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Lakini 11 ilikuwa ya Kenya, ingawa ya Kwanza ilikuwa ya Nyasaland, kwa hiyo usiapie kanuni hii mahakamani.

Na tena, si kila aliyeitwa Keya alikuwa Keya. Watu wa kijijini walimwita hivyo kila aliyerudi na kaptura na buti. Pengine babu alikuwa dereva, na madereva walikuwa na kikosi chao. Pengine alikuwa msaidizi wa waganga. Pengine alikuwa Pioneer, wale ambao wengine waliwaita Panyako, waliojenga barabara na kubeba mizigo. Pengine alikuwa wa mizinga. Mnamo tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Familia ikitafuta jina la mtu kama huyo katika orodha ya Keya tu, itatafuta mpaka wajukuu wazeeke.

Ukishapata hayo, ndipo utoke nje ya nyumba. Kama babu alifia vitani, njia ni fupi zaidi. Kuna tume inayotunza makaburi ya vita, Commonwealth War Graves Commission, na orodha yake yaweza kutazamwa kwenye intaneti bila kulipa. Waliofia Burma wako makaburini au kwenye ukuta wa majina huko Taukkyan, karibu na Rangoon, wenye majina karibu 27,000. Kuna makaburi pia Nairobi na Jinja. Tafuta jina kwa kila namna ya kuliandika, kwa sababu karani alisikia kwa sikio lake na kuandika kwa kalamu yake. Herufi L ilikuwa R, na jina la baba likawa jina la mtoto.

Kama ni vita vya kwanza, usishangae ukikosa. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi. Kukosekana kwa jina hapo ni kosa la aliyeshika kalamu.

Kama babu alirudi hai, kazi ni ndefu. Huko London, mahali panapoitwa Kew, kuna hifadhi ya taifa ya Uingereza. Usitegemee kukuta huko faili ya kila askari wa Kiafrika. Kilichohifadhiwa vizuri ni daftari la vita la kila batalioni, lililoandikwa siku kwa siku: leo tumevuka mto, leo mvua, leo wamejeruhiwa kadhaa. Ya Burma yako katika fungu lenye alama WO 172. Yanawataja maofisa kwa majina na askari kwa hesabu. Lakini ukijua batalioni, utajua babu alilala wapi. Kama alikuwa divisheni ya 11, utasoma bonde la Kabaw, kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika, matope mpaka magotini, malaria, na Wajapani wakirudi nyuma kwa shida, mpaka Kalewa ilipochukuliwa mapema Desemba na daraja refu kutupwa juu ya mto Chindwin. Hapo utaelewa kwa nini mzee hakupenda kusikia mvua usiku juu ya bati.

Karatasi za serikali ya kikoloni ya Uganda ziko Kampala katika hifadhi ya taifa, na za Kenya ziko Nairobi. Za Force Publique nenda nazo upande wa Bruxelles. Ukiandika barua, weka kila kitu katika ukurasa mmoja: majina yote, namba, batalioni, chifu, na mwaka alioondoka na kurudi. Usiwaandikie habari za ugomvi wa shamba. Hawawezi kuuamua.

Sasa nakuja kwenye kisu chenyewe, ndugu kijana wa Aru.

Tuseme umepata karatasi ya kuandikishwa. Itaonyesha kabila, chifu na wilaya. Na yaweza kusema: wilaya ya West Nile, Uganda. Jirani yako atafurahi. Je, ni kweli? Pengine ni kweli. Pengine babu alitaja chifu wa mjomba wake, kwa sababu Mwingereza hakutaka kumwandikisha mtu wa Wabelgiji. Pengine alijificha kodi. Vijana wengi wa wakati ule walisema kabila ambalo waandikishaji walilipenda. Karatasi ile inaonyesha kile alichosema siku moja mbele ya meza, njaa ikimuuma. Si hati ya shamba, na haimfanyi mtu kuwa raia wala kumvua uraia. Sheria yetu ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema Mkongo wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya nchi iliyokuwa Kongo wakati wa uhuru. Haiulizi babu alivaa kofia ya nani.

Na ninakuambia hili mapema ili usije ukasafiri mpaka Kampala, ukauza ng'ombe, ukarudi na karatasi inayokuumiza. Tafuta kwa kumjua babu. Shamba lina mashahidi wake wengine: mipaka, miti, makaburi, wazee wa pande zote mbili.

Lakini kuna jambo moja katika barua yako ambalo sikutaka kulipita. Jirani anajivunia Saio. Ana haki. Force Publique ilipita Sudani, ikaingia Abisinia, na mwezi wa Julai 1941 Waitaliani walijisalimisha Saio. Wapagazi na askari wengi walikufa, wengi kwa magonjwa. Basi mwaka ule ule wa 1941, batalioni za Keya zilikuwa katika nchi ile ile ya Abisinia, zikipigana na Waitaliani wale wale, mpaka Gondar ilipoanguka mwezi wa Novemba. Babu yako na babu yake, kama miaka inakubaliana, walikuwa upande mmoja. Na baadaye, kati ya 1943 na 1945, hospitali ya vita ya Kongo ya Ubelgiji ilihudumu na jeshi la Waingereza hata Burma, waganga na wabeba machela wa Kikongo kama 350, wakihudumia majeruhi wa jeshi hilo, Waafrika wenzao wakiwamo. Inawezekana kabisa kwamba Keya wa Aru alifungwa bendeji na soda wa Bula Matari.

Wote wawili walirudi na kidogo. Waingereza walilipa kiinua mgongo kwa rangi: mwaka 2019 waandishi wa habari walionyesha karatasi za zamani ambamo mzungu wa makoloni yale alipata hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Kwa upande wetu, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa Force Publique, huko Kinshasa mwezi wa Juni 2022. Vita viliisha 1945. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo ninakuomba ufanye hivi. Umeandika kwamba nyanya yako yuko hai na masikio yake bado ni mazima. Chukua daftari, kaa naye asubuhi kabla jua halijawa kali. Muulize namba, muulize jina la meli, muulize babu aliimba nini akilewa, maana nyimbo za askari hubeba majina ya miji. Muulize alirudi na nani. Kisha, kama moyo unakubali, mpelekee jirani swali moja tu: babu yako wewe, batalioni yake ilikuwa namba ngapi? Akikujibu, iandike pia, kwenye ukurasa wa pili wa daftari lile lile, na ututumie nakala. Tutaisoma hapa radioni mambo ya wote wawili siku moja.