Kabla ya Kuipa Ruta Programu Mpya

Miongoni mwa vyombo vya umeme vilivyoingia majumbani mwetu katika zama hizi, pengine hakuna kinachodharauliwa kama ruta, kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo na antena mbili tatu ambacho hutundikwa ukutani au husukumwa nyuma ya televisheni, kikasahauliwa huko mpaka siku mtandao utakapokatika. Wengi hukidhania kuwa ni kiungo cha waya tu, ilhali kwa hakika ni kompyuta kamili: kina prosesa, kina kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, na kina kumbukumbu ya kudumu iitwayo fleshi, ambamo mna programu dhibiti inayokiamrisha chombo chote. Kampuni iliyokiunda ndiyo iliyoiandika programu hiyo, na aghalabu miaka michache ikipita huacha kuishughulikia. Matundu ya usalama yakigunduliwa hayazibwi, na chombo kilicho kizima kwa kiwiliwili hubaki kikihudumu kwa programu iliyochakaa.

Kuiondoa nuksani hiyo ndiyo kazi ya mafundi wa mradi uitwao OpenWrt, ambao kwa zaidi ya miaka 20 wameandika programu dhibiti huria ya kuwekwa mahali pa ile ya kiwandani. Kazi yao ina pande mbili zisizotengana: kuifanya programu hiyo ikitambue kifaa kipya ambacho haijapata kukijua, na kuweka tadbiri ya kukiokoa kifaa kilichokataa kuwaka. Watu husifu upande wa kwanza kwa kuwa ndio unaoonekana. Lakini mwenye kuipima kazi hii kwa insafu atakubali kwamba upande wa pili ndio unaomtenga fundi na mbahatishaji.

Asili ya habari yenyewe ni ruta moja iliyotolewa na kampuni ya Linksys ya Marekani mwishoni mwa mwaka 2002, jina lake WRT54G. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi 125, kumbukumbu yake ya muda megabaiti 16, na fleshi yake megabaiti 4 tu. Mwaka 2003, wakati Linksys ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Cisco, wadadisi walibaini kwamba ndani ya kisanduku hicho mna Linux, programu endeshi huria ambayo inalindwa kwa leseni ya GPL. Na sharti la leseni hiyo ni kwamba mwenye kuieneza programu awape pia msimbo chanzo wake wale aliowapa. Kampuni ikautoa msimbo mwaka huohuo, na mnamo Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msingi huo. Toleo lililoitwa White Russian lilikamilika mwaka 2007. Mwaka 2016 baadhi ya waandishi walijitenga wakaunda mradi wa LEDE, na mapema mwaka 2018 pande hizo mbili zikapatana na kurejea chini ya jina la awali.

Ruta hiyohiyo ilitoa funzo lililobaki faradhi kwa kila aliyeifuata kazi hii. Mwishoni mwa mwaka 2005 lilitoka toleo la tano la WRT54G, ambalo kwa nje lilifanana na watangulizi wake, lakini ndani Linux ilikuwa imeondolewa na fleshi imepunguzwa hadi megabaiti 2. Waliotaka Linux wakatengenezewa aina nyingine, WRT54GL. Tangu hapo imefahamika kwamba jina lililoandikwa juu ya kasha si ushahidi wa kutosha, na kwamba fundi lazima asome namba ya toleo chini ya kifaa, kisha akifungue na kuzisoma chipu zenyewe, iwe ni za Broadcom, za Qualcomm Atheros, au za MediaTek.

Baada ya kuzijua chipu ndipo kazi ya kukitambulisha kifaa inapoanza. Kompyuta ya mezani inapowashwa huieleza Linux mengi kuhusu vipande vyake, lakini ruta aghalabu haijielezi; hata pale ambapo Linux inaifahamu prosesa, haijui ni pini ipi inayowasha taa ya mtandao, kitufe cha kuwekea upya kimeunganishwa wapi, ni tundu lipi la waya linalokwenda kwa mtoa huduma na yapi ni ya nyumbani. Habari zote hizo huandikwa na fundi katika faili la maelezo ambalo kernel, yaani kiini cha Linux, hulisoma inapoanza. Zamani, kwa ruta nyingi za Atheros, maelezo hayo yaliandikwa ndani ya msimbo wa kernel yenyewe, na kila kifaa kipya kikaongeza msimbo mwingine wa kutunzwa. Utaratibu huo uliachwa baada ya toleo la 19.07, na leo maelezo hukaa peke yake, mafupi na yenye kusomeka.

Sehemu nzito kuliko zote katika faili hilo ni mipaka ya fleshi. Fleshi ya ruta hugawanywa mafungu: fungu la butiloda, yaani programu ndogo inayotangulia kuamka, fungu la mipangilio yake, fungu kubwa la programu dhibiti, na fungu dogo lenye vipimo vya redio ya Wi-Fi na anwani za kifaa. Fungu hili la mwisho ni la thamani kupita udogo wake, kwa sababu vipimo hivyo hupimwa kiwandani kwa kila ruta mbali mbali, wala havipatikani kwa kupakuliwa popote. Likifutwa, Wi-Fi hufa au hudhoofika, na mwenye kuazima vipimo vya ruta nyingine atakuwa amepachika juu ya chombo chake sifa za chombo kingine. Kosa la mpaka mmoja katika maelezo laweza kuiandika programu dhibiti juu ya vipimo hivyo au juu ya butiloda yenyewe. Ndiyo maana fundi mwenye hadhari huinakili fleshi yote kwenye kompyuta yake kabla ya kuandika chochote, na katika maelezo huyatangaza mafungu hayo mawili kuwa ya kusomwa tu.

Majaribio ya kwanza nayo hayagusi fleshi. Fundi huandaa taswira ya programu ambayo butiloda huipokea kupitia waya wa mtandao na kuiweka katika kumbukumbu ya muda, kisha ikaendeshwa humo humo. Ikikwama, huuchomoa umeme na kuurudisha, na ruta huamka na programu yake ya zamani kana kwamba hapakutokea kitu. Ni baada ya taa, vitufe, matundu na redio zote kuitika ndipo programu mpya huandikwa mahali pa kudumu.

Tunafika sasa kwenye habari ya kufa na kufufuka, na hapa yafaa kuieleza butiloda kwa mapana zaidi. Iliyoenea sana inaitwa U-Boot, kazi iliyoasisiwa na mhandisi wa Ujerumani Wolfgang Denk na kupewa jina hilo mwaka 2002. Ruta za mwanzo za Broadcom zilitumia nyingine iitwayo CFE. Kazi ya butiloda ni kama ya mwamsha daku katika miji yetu ya pwani mwezi wa Ramadhani: yeye hapiki, wala hali pamoja na watu wa nyumba, lakini akipitiwa na usingizi mtaa mzima huamkia adhana ya alfajiri na njaa. Programu dhibiti ikiharibika ilhali butiloda ni nzima, ruta ina tumaini. Butiloda ikiharibika, tumaini hubaki kwa mwenye zana na ustadi.

Madaraja ya wokovu yako kadhaa, na jepesi kuliko yote ni lile la mwenye nyumba aliyeharibu mipangilio mpaka akajifungia nje. OpenWrt huiweka programu ya msingi katika fungu lisiloandikika, na mabadiliko yote ya mtumiaji huyaandika katika tabaka jingine juu yake. Kwa hiyo ruta ikiwa inaamka, na taa yake ikaanza kumeta upesi upesi, mwenyewe akibonyeza kitufe katika nukta hizo chache, ruta huingia katika hali ya dharura: tabaka la mabadiliko huachwa kando, anwani huwa 192.168.1.1, na nywila haiulizwi. Atakayeipa kompyuta yake anwani ya 192.168.1.2 na kuiunganisha kwa waya ataweza kuingia kwa SSH, njia ya kukiamrisha kifaa kwa maandishi kutoka kompyuta nyingine, akarekebisha kosa au akayafuta mabadiliko yote.

Daraja la pili ni la programu dhibiti iliyoharibika yenyewe, mathalani umeme ulipokatika katikati ya kuandikwa, jambo ambalo wakazi wa miji yetu hawahitaji kusimuliwa. Hapo butiloda huombwa ipokee faili zima kwa njia ya TFTP, itifaki nyepesi ya kupelekea faili mtandaoni. Ruta nyingi za TP-Link, kitufe kikishikiliwa wakati wa kuwashwa, hulitafuta faili la uokozi kwenye kompyuta yenye anwani 192.168.0.66. Kwenye WRT54G mambo yalikuwa kinyume: butiloda ilisubiri kutumiwa faili kwa nukta chache, lakini ikiwa tu mpangilio uitwao boot_wait umewashwa, na wapenzi wa zama hizo walitumia tundu la usalama lililokuwamo katika ukurasa wa majaribio ya ping wa programu ya Linksys ili kuuwasha mpangilio huo kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Walijenga njia ya kurudi kabla ya safari, tena kwa kutumia kasoro ya mtengenezaji mwenyewe.

Daraja la tatu limo katika ruta zilizopewa nakala mbili za programu dhibiti, kama Linksys WRT1900AC na jamaa zake. Butiloda ya ruta hizo huhesabu kila jaribio la kuamka, na baada ya majaribio matatu yasiyofanikiwa huiacha nakala iliyokwama ikaiita ile ya pili. Hikma hii ina mtego wake kwa fundi anayeleta programu mpya, kwa maana butiloda haijui mafanikio ila kwa kuambiwa. Programu ikiamka salama ni wajibu wake kuirudisha hesabu kwenye sifuri, na fundi akisahau kuiandika amri hiyo, ruta nzima isiyo na ila yoyote itahesabiwa kuwa imefeli, na siku moja itamwamkia mwenyewe ikiwa na programu asiyoitarajia. Hapa mtu aona waziwazi kwamba kukitambulisha kifaa na kukiokoa ni kazi moja.

Madaraja yote hayo yakishindikana, fundi hufungua kasha na kutafuta pini za seriali, ambazo mara nyingi ni matundu manne yasiyo na jina kwenye ubao. Waya tatu humtosha: wa kutuma, wa kupokea, na wa ardhi, mwendo wa mawasiliano aghalabu ni biti 115,200 kwa sekunde, na umeme wake kwa kawaida ni volti 3.3, hivi kwamba atakayeunganisha kifaa cha volti kubwa zaidi aweza kuiunguza chipu aliyokuja kuiokoa. Kupitia pini hizo huyasoma maneno ya butiloda tangu nukta ya kwanza, akajua imekwama wapi. Na kama butiloda yenyewe imefutika, husalia kibanio cha kushika miguu ya chipu ya fleshi na kuiandika moja kwa moja, kazi ambayo mafundi wa simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, waliozoea kuflashi, hawataiona ngeni.

Wasimamizi wa OpenWrt wameyageuza mazingatio haya kuwa kanuni. Mwenye kuleta kifaa kipya hutakiwa aeleze chipu zake, ukubwa wa kumbukumbu zake, na namna ya kuiweka programu, na wengi huongeza namna ya kuirudisha ile ya kiwandani. Tena taswira ya programu hubeba ndani yake jina la kifaa ilichokusudiwa, ili ruta isiyohusika iikatae. Mwishoni mwa mwaka 2024 mradi ulikwenda mbali zaidi kwa kutoa ruta yake wenyewe, OpenWrt One, kwa ushirikiano na jumuiya ya Software Freedom Conservancy na watengenezaji wa Banana Pi. Humo mna fleshi mbili: moja kubwa kwa matumizi ya kila siku, na nyingine ndogo iliyokingwa isiandikwe ovyo, yenye programu ya uokozi, na swichi juu ya kifaa humwezesha mwenyewe kuchagua ruta iamke kwa ipi. Yale ambayo mafundi walikuwa wakiyatafuta kwa pini na vibanio sasa yamewekwa mkononi mwa mnunuzi.

Si watengenezaji wote wenye ukarimu huo. Wapo wanaoifunga butiloda isikubali ila programu yenye sahihi yao, wakidai kuwa wanatii sheria za mawimbi ya redio. Ni kweli kwamba sheria hizo zipo na zina sababu: mwaka 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifikia makubaliano na TP-Link ambayo yaliilazimu kampuni kulipa dola 200,000 kwa ajili ya ruta zilizoweza kuvuka kiwango cha nguvu kilichoruhusiwa, lakini katika makubaliano hayohayo kampuni iliahidi kushirikiana na waandishi wa programu huria ili wateja waweze kuweka programu za wengine. Kulinda mawimbi na kumwachia mwenye mali njia ya kuitengeneza mali yake ni mambo yanayoweza kukaa pamoja.

Basi msomaji anayekusudia kuibadilisha programu ya ruta yake, au kununua iliyotumika kwa nia hiyo, na alitazame jambo hili kwa utaratibu. Athibitishe namba kamili ya toleo la kifaa, si jina lake tu. Akikatae chenye fleshi ya chini ya megabaiti 8 au kumbukumbu ya muda ya chini ya megabaiti 64, kwa kuwa matoleo ya sasa hayana nafasi humo. Aiweke ruta kwenye umeme usiokatika muda wote wa kuandikwa. Na faili la programu ya kiwandani alihifadhi mapema, kwa maana mtandao ukizimika hataweza kulipakua. Zaidi ya yote, asome njia ya kukiokoa kifaa chake hicho hicho kabla hajaianza kazi, na akikosa kuifahamu, aiache ruta kama ilivyo.